Fundi Aliyesikiliza Magoti

Alikuwa akitupa mgongo. Hilo ndilo lililomshangaza kila mgeni aliyepita kando ya kiwanja chetu cha netiboli kule Temeke. Wasichana kumi na wawili tumepanga foleni nyuma ya tofali la inchi sita, tunapanda mmoja mmoja, tunaruka, tunatua mchangani, na kocha wetu amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, uso ameuelekeza ukutani, anachambua mchicha wake wa jioni. Hatazami hata kidogo. Kisha anasema bila kugeuka, "We wa tatu, goti la kushoto limeingia ndani. Rudia."

Na lilikuwa limeingia kweli.

Ningehadithiwa nisingeamini. Lakini nilikuwepo miaka minne, na huyo wa tatu nilikuwa mimi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Alikuwa akisikia. Mguu unaotua vizuri, alisema, hautoi sauti ya kumfikia mtu aliyekaa hatua kumi. Mguu unaotua vibaya unapiga mara mbili: kisigino kwanza, halafu kitu kingine kidogo kinachofuata nyuma yake, ambacho mimi sikukisikia mpaka mwaka wa pili wa kufundishwa naye. "Nikikusikia, umekosea," alituambia siku ya kwanza, na hakuongeza maelezo. Neno la kusifu hakuwa nalo. Ukitua kama alivyotaka, unasimama pale chini unangoja hukumu, naye anaendelea na mchicha wake, kisha anauliza kwa hasira, "Huyo wa juu ya tofali kalala? Aruke!" Siku ukiulizwa hivyo wakati umeshatua, unarudi nyumbani unaimba njia nzima. Mimi niliulizwa hivyo mara mbili katika miaka minne.

Tulimwita Fundi kwa sababu alikuwa fundi. Jina alikuwa nalo, na nadhani limo katika kadi yake ya kliniki ya macho, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia na sitaanza mimi. Asubuhi alipiga plasta nyumba za watu, kutoka Mbagala mpaka Kawe, mwanamke peke yake katikati ya wanaume, suruali imeganda simenti, kanga ameifunga juu ya suruali ili wapitaji wasipate la kusema. Jioni alikuja kwetu.

Alikuja kwetu kwa ugomvi. Shule ilikuwa inaongeza darasa, naye alikuwa juu ya jukwaa la mafundi anapiga plasta ukuta wa nje, sisi tuko chini tunafanya mazoezi. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mwema aliyefundisha Historia na aliyeona haya hata kutuambia turuke, alikuwa amekaa kivulini na filimbi. Mara tukasikia sauti kutoka juu, "Nyie watoto! Nani kawafundisha kutua kama magunia ya mihogo?" Tukacheka. Hakucheka. Aliacha mwiko wake juu ya jukwaa, akashuka ngazi ubavu ubavu kama kaa, mguu mmoja kwanza kila mara, akaja moja kwa moja kwa mwalimu na mikono yenye simenti. Sijui walizungumza nini. Kesho yake filimbi ilikuwa shingoni mwa Fundi, na mwalimu wa Historia alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alikojifunzia hakuna aliyejua. Aliwahi kuchezea timu ya kazini, ya ofisi ambayo hakuitaja. Ukimuuliza zaidi ya hapo anagonga goti lake la kulia kwa kidole, goti nene lisilokunjika vizuri, linalolia kila akisimama. "Mwalimu wangu huyu hapa," anasema. "Kanifundisha kila kitu siku moja."

Katika mkoba wake, ambao ulikuwa mfuko wa simenti uliokatwa na kushonwa upya, kulikuwa na filimbi, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande vipande, na timazi. Kwa asiyejua timazi, ni kile chuma kizito chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho fundi anakitumia kuona kama ukuta umesimama wima. Fundi alilitumia kwetu. Anashika uzi kwenye mfupa wa nyonga yako, chuma kinaning'inia mpaka juu ya kidole cha pili cha mguu. "Kunja magoti. Polepole, kama unakaa kwenye mbuzi ya nazi." Goti likiufuata uzi, anakupisha. Goti likiukimbia uzi kuelekea ndani, anapima kwa vidole vyake vilivyopasuka. Mimi nilikuwa vidole vitatu.

"Vitatu ni vingi, Fundi?"

"Nyumba ya vidole vitatu mie siingii hata kuomba maji."

Basi na hapo mimi ndiye niliyekuwa nategemewa kwa kufunga! Nilikuwa mrefu, mwepesi, mpira nikiufuata juu naupata. Nikamwambia goti langu haliumi na halijawahi kuuma. Akaniangalia kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kufokewa. "Ukuta hauanguki siku uliyoujenga umepinda," alisema. "Unasimama, watu wanahamia, wanatundika picha. Unaanguka siku ya mvua. Na nyie mvua yenu ni robo ya tatu, mkishachoka."

Sijakutana na mtu mwingine aliyeuona mwili wa binadamu namna ile. Sisi tulidhani netiboli ni mchezo wa kuruka. Yeye alisema ni mchezo wa kusimama. Ukishaudaka mpira hewani huruhusiwi kukimbia nao. Mwili mzima ulikuwa safarini, ghafla unaamriwa ugande, na anayebeba amri hiyo ni goti. Na goti, alisema, halina kosa. Liko katikati, linapokea ugomvi wa nyonga kutoka juu na ugomvi wa kifundo kutoka chini, halafu likikatika linalaumiwa lenyewe. "Nguvu ya goti iko huku," alitangaza siku moja, akajipiga kofi la kalio mbele ya mwalimu wa Historia, ambaye alikumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Tukafungwa vipande vya mpira wa baiskeli juu kidogo ya magoti, tukaambiwa tutembee kiwanja kizima ubavu, tukisukuma nje. Tulilia. Kuna aliyetapika. Tulipolalamika kwamba wavulana hawafanyi hivi, alisema wavulana wakirefuka nyama inawafuata haraka. "Nyie mifupa imetangulia, nyonga zinatanuka, nyama bado iko njiani inauliza ramani. Sasa kazi yangu mie ni kuiharakisha."

Lakini kosa letu kubwa, kumbe, tulikuwa tumefundishwa nyumbani, na kwa mapenzi kabisa.

Tangu tukiwa wadogo, kila mtu mzima aliyetuona tumekaa alituambia neno lilelile: bana miguu. Mama alisema, shangazi alisema, jirani aliyepita na ndoo kichwani alisimama ili aseme. Mtoto wa kike anakaa magoti yamegusana. Tulilishika somo hilo mpaka likaingia kwenye mifupa, na tukawa tukiruka juu, sketi ikipepea na wanaume wamejaa kwenye uzio, magoti yanakimbiliana yenyewe kabla miguu haijagusa chini. Fundi aliliona hilo wiki ya kwanza. Akaanza kutupigia kelele, "Magoti nje! Tanua! Tanua!" na kelele hiyo ilivuka uzio, ikaingia mitaani, na kabla ya magharibi ilikuwa imefika kwa bibi yangu.

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Mwenyeji wa Pwani, mtu wa swala tano, mwenye ulimi uliowahi kumhamisha mpangaji. Aliambiwa kwamba kuna mwanamke wa zege anawafundisha mabinti kutanua miguu hadharani. Hakunipiga. Alichukua raba zangu akazifungia kwenye sanduku lake la nguo, akasema mchezo umekwisha. Nililia mpaka nikapata homa.

Siku ya tatu Fundi akaja. Alikuwa amejitanda ushungi, ameoga, sikumtambua mpaka goti lake lilipolia pale mlangoni.

"Hodi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndo wewe unayetanua watoto wa watu miguu?"

"Ndo mie."

Nilidhani atajitetea. Hakujitetea. Alitazama uani, akaona kinu na rundo la kisamvu kando yake. "Bibi," akasema, "kabla hujanifukuza, naomba nikuone unatwanga."

Bibi alimtazama kama mtu anayemtazama mwehu mwenye adabu. Lakini kisamvu kilikuwa kinangoja hata hivyo. Akajifunga kibwebwe, akashika mchi, akaanza. Fundi akanivuta mkono.

"Mwangalie bibi yako. Miguu iko wapi?"

"Imeachana."

"Magoti?"

Nikatazama. Bibi alikuwa na miaka zaidi ya sitini, na kila mchi uliposhuka magoti yake yalilegea kidogo, yakafuata vidole vya miguu, yakarudi. Ungeweza kutundika timazi pale. Bibi mwenyewe alisimama, mchi uko hewani, akajitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Ukibana magoti mchi unakuchukua," alisema polepole. "Unaanguka nao."

"Basi ndo hilo tu, Bibi. Akikaa, abane. Akitua, aachie. Akishatua, abane tena."

Bibi alicheka mpaka akauachia mchi. Jioni hiyohiyo alikata suruali ya kulalia ya marehemu babu akanishonea bukta ya kuvaa ndani ya sketi, na raba zikatoka sandukuni zinanuka udi. Fundi naye alikuja na turubai la kwenye saiti ya ujenzi, akalifunga kwenye uzio upande wa barabara. Wanaume wakapiga kelele. Akawaambia anayetaka kuona kuruka aingie ndani, afungwe mpira wa baiskeli aruke mwenyewe. Hakuingia hata mmoja.

Msidhani alikuwa malaika. Mdomo wake ulikuwa msasa. Alichelewa mazoezini, akafoka kwamba sisi ndio tumewahi. Akichoka alikula karanga zetu bila kuomba. Na jambo ambalo mpaka leo silielewi kwa kocha: hakujua matokeo. Kweli kabisa. Mechi inaisha, tunarukaruka, tunaimba, anamvuta mmoja wetu pembeni, "Ngapi ngapi?" Mpira wenyewe hakuutazama. Mpira ukiwa juu, watu wote wamenyanyua vichwa, yeye ameinamisha chake.

Halafu kulikuwa na mambo ya barafu. Mtaani kwetu mtu akiteguka mguu, kabla hajamaliza kulia maji ya moto yameshabandikwa jikoni. Anakandwa kwa chumvi, anavutwa, anachuliwa, mpaka mguu unavimba kama mkate. Fundi alikuwa adui wa maji ya moto. Kwa kuwa hatukuwa na barafu ya hospitali, alikuwa na mkataba na mama mmoja jirani wa shule aliyeuza barafu za ubuyu, zile za kwenye vifuko virefu vya nailoni. Ukiumia unawekewa ubuyu ulioganda juu ya goti, juu yake anafunga kanga, na mguu unapandishwa kwenye ndoo. Tulirudi nyumbani magoti mekundu yananata, nzi wanatufuata. Mwenzetu mmoja alipoteguka, shangazi yake akambandikia sufuria, Fundi aliingia uani bila hodi akamwaga maji yote kwenye migomba. Ugomvi huo ulifika kwa mjumbe.

Na bado, jumamosi moja nilimfuata kwake nikamkuta amekaa uani, goti lake la kulia limezama kwenye taulo linalotoa mvuke, anajichua mafuta ya dawa, macho ameyafumba kwa raha.

"Fundi! Maji ya moto?"

Alifungua jicho moja. "Lako bichi," alisema. "Langu limeshaiva. Nipe hiyo chumvi."

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nimwandike.

Nilikuwa kidato cha nne. Ilikuwa mechi ya mwisho ya mashindano ya shule za wilaya, na kwenye benchi la wageni alikaa mama mmoja mwenye daftari aliyekuja kuchagua wasichana wa timu ya mkoa. Waliochaguliwa, tuliambiwa, wangepata na nafasi kwenye shule ya bweni yenye kiwanja cha saruji na kocha wa kulipwa. Siwezi kueleza nilivyoitaka nafasi ile. Niliitaka kama mtu anavyotaka maji. Bibi alikuwa amekuja, amekaa kwenye mkeka wake. Nilicheza robo mbili za kwanza kama sijawahi kucheza. Kila nilichorusha kiliingia, na nilimwona mama wa daftari akimuuliza mwenzake jina langu.

Robo ya tatu tulikuwa sawa kwa sawa. Fundi alikuwa juu ya ndoo yake, mgongo kiwanjani, kama siku zote. Niliruka, nikadaka, nikatua, nikafunga. Tena. Na tena. Kisha nikamwona anainuka, kwa shida, mkono juu ya goti. Akamwendea mwamuzi, akaomba kubadilisha mchezaji. Aliyetolewa nilikuwa mimi.

"Fundi, siumwi popote!"

"Najua."

"Sasa nimekosa nini?"

"Nimekusikia. Mara tatu mfululizo."

"Fundi, nakuomba. Robo moja tu. Yule mama anaandika."

"Kaa."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mtu mzima. Nilimwambia ana wivu, kwamba kwa kuwa goti lake limekufa anataka wote tuwe viwete. Nilisema kwa sauti, na Bibi alisikia kutoka kwenye mkeka akaweka mkono mdomoni. Fundi hakubadilika uso. Aliingiza mkono kwenye kisanduku chake cha barafu, akanipa barafu ya ubuyu. Sikuwa nimeumia, kwa hiyo hiyo ilikuwa ya kula. Niliitupa mchangani, nikaitazama inayeyuka.

Tulifungwa kwa magoli mawili. Mama wa daftari aliandika majina ya wenzangu wawili, na langu hakuliandika. Nilibakiza miezi michache shuleni, na katika miezi hiyo nilimpa Fundi shikamoo kwa sababu Bibi angenichuna ngozi nisipoitoa, na zaidi ya hiyo sikumpa kitu.

Hasira yangu ilikuwa na mantiki, na ndiyo maana haikufa. Angeniacha nikavunjika, ningejua alikuwa sahihi. Angeniacha nikacheza mpaka mwisho, ningejua alikosea. Alinitoa nikiwa mzima, nikabaki mzima, na goti lisiloumia halina ushahidi wa kutoa upande wowote. Nilizunguka nalo miaka na miaka. Nilisoma ualimu, nikaolewa, nikazaa, nikapanda na kushuka ngazi za mji huu, na kila nilipojiinamia kufunga kiatu niliyatazama magoti yangu na kujiuliza kama yalinigharimu shule ya bweni bure.

Sasa hivi nafundisha shule ya msingi Mabibo. Somo langu ni Sayansi, na michezo nimesukumiwa, kama alivyosukumiwa yule wa Historia. Siku moja mwalimu mwenzangu alipita kiwanjani akaniuliza kwa nini nimewapa watoto mgongo. Nilikuwa sijajua kwamba nimewapa. Chini ya kiti changu palikuwa na tofali la inchi sita na vipande vya mpira wa baiskeli. Nilicheka, kisha nikakosa raha siku nzima.

Mwaka huu nina msichana wa darasa la saba, mrefu, mwepesi, mpira akiufuata juu anaupata. Akichoka magoti yanabusiana. Nilimtoa kwenye mechi moja, na baba yake akaja shuleni kuniambia namwonea mwanawe, kwamba jumamosi kuna mechi ya kuchaguliwa na nikimtoa tena tutaonana. Yule mtoto alinitazama, na macho yale niliyajua, kwa sababu yalikuwa yangu. Jumapili nikaenda Kimara.

Fundi anaishi na mdogo wake siku hizi, kwenye nyumba iliyo mtelemkoni chini ya barabara. Unashuka ngazi ndefu za zege kufika kwenye ua wake. Plasta ya nyumba ile aliipiga mwenyewe, na hata mimi nisiye fundi niliona ukuta umenyooka kama maji yaliyotulia. Alikuwa amekaa barazani juu ya ndoo. Presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi. Anaona mwanga tu, na kivuli cha mtu. Nilikuwa ngazi ya katikati, sijasema hodi, aliponyanyua kichwa.

"Anayeshuka huyo nimemfundisha mie," alisema. "Wa mwaka gani we?"

Nilimalizia ngazi, nikakaa barazani kando yake. Nikamwambia ni mimi, wa vidole vitatu.

"Ee. Wa barafu."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ulimwaga ubuyu wangu."

Mdogo wake alileta chai. Nilimwomba radhi kwa maneno ya siku ile, naye akapunga mkono kama anafukuza nzi, akasema ameambiwa mabaya zaidi na wenye nyumba. Kisha nikamweleza habari za msichana wangu, na baba yake, na jumamosi. Nikamuuliza swali nililolibeba tangu kidato cha nne.

"Siku ile, Fundi. Ulijuaje kwamba ningeumia?"

"Sikujua."

Alikunywa chai.

"Sikujua hata kidogo. Pengine ungecheza mpaka mwisho, yule mama akakuandika, ukaenda zako bweni. Wangapi wanatua vibaya miaka yote na hawaumii? Mie nilisikia goti. Kesho sikuisikia."

"Kwa hiyo pengine ulininyima bure."

"Pengine." Alilitamka neno hilo bila kulikwepa. "Nimelifikiria sana. Siku niliyoumia mie, kocha wangu alikuwa anaangalia mpira. Nikasema nikipata watoto wa kufundisha, mpira nitauachia Mungu. Sasa ukuta ukishaunyoosha, mwanangu, haukuiti kukushukuru. Unakaa tu hapo umesimama, na watu wanapita."

Nikamuuliza nifanye nini jumamosi.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi unaniuliza nini mie kipofu?"

Redio ya jirani ilikuwa inapiga singeli, na kuku walikuwa wakichakura chini ya baraza. Kisha mkono wake ulitoka, ukatafuta, ukaangukia goti langu la kushoto. Alilibana pande zote mbili kwa vidole vile vyenye nyufa. Akahamia la kulia.

"Yanauma?"

"Hapana."

"Yote mawili?"

"Yote mawili mazima, Fundi."

Aliyashikilia muda mrefu. Sikujua kama anapima au anafanya kitu kingine, na sikuthubutu kumtazama usoni. Kisha akaniachia, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Haya. Panda hapo kwenye baraza. Uruke."

"Fundi! Mtu mzima mimi. Nimevaa dera."

"Likunje. Bibi yako kashafariki, Mungu amrehemu, nani atakusema?"

Aligeuka juu ya ndoo yake, goti likalia, akanipa mgongo. Uso wake ulielekea kwenye ule ukuta wake ulionyooka. Nikavua ndala. Nikapanda. Kimo cha baraza kilikuwa kama matofali mawili, na niliona haya kwa mdogo wake aliyesimama mlangoni na kikombe, na kwa jirani aliyetokeza kichwa juu ya uzio. Nikalikunja dera mpaka magotini. Nikamkumbuka Bibi na mchi wake hewani.

Niliruka. Vidole vilifika kwanza, kisha visigino, na magoti yakalegea yakaenda nje, juu ya vidole, yakakaa. Kuku mmoja tu ndiye aliyesogea.

Nikasimama pale nikingoja. Fundi alikuwa ametulia kabisa, ameinamisha kichwa, sikio moja ameligeuzia uani. Mdogo wake alitaka kusema neno, nikamwashiria kwa mkono anyamaze.

"Haya jamani," Fundi akafoka mwishowe, bila kugeuka. "Umelala huko juu? Ruka!"